Noeli ya ala tupu

Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya pili. Aliyewahi kuimba kwaya anaelewa: watu wakitoka ibadani, midomoni wana sauti ya kwanza. Sisi tuko katikati kama saruji kati ya matofali, na tunatambulika siku tukikosea.

Nyimbo za Krismasi zisizo na waimbaji nilizianza kwa sababu ya kazi. Nafanya uhasibu, na Desemba ni mwezi wa kufunga hesabu. Wimbo wenye maneno unanivuruga. Niko katikati ya kujumlisha, mara mdomo umeshadakia kiitikio na tarakimu imepotea. Basi nikatafuta za ala tupu. Zile za saksafoni za supamaketi, zinazolialia kutwa nzima, niliziacha mapema. Samahani kwa wanaozipenda.

Aliyenikamata ni Arcangelo Corelli, Mwitaliano aliyeandika konseto, utunzi wa ala wenye sehemu kadhaa, kwa ajili ya usiku wa Noeli. Ilichapishwa Amsterdam mwaka 1714, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Sehemu ya mwisho inaitwa Pastorale, yaani ya wachungaji. Sauti za chini zinashikilia noti moja, zinaing'ang'ania, na juu yake fidla zinayumba taratibu. Corelli alikuwa akiiga zumari zenye mfuko wa ngozi, zile za wachungaji waliokuwa wakishuka kutoka milimani kuja kupiga Roma msimu wa Krismasi. Fidla mbili za mbele zinatembea pamoja, ya pili chini kidogo ya mwenzake. Nikairudia nikifuata ile ya pili tu. Hesabu zikasubiri.

Tangu hapo hata matarumbeta ya kwetu nayasikia vingine. Nimekulia Machame, Kilimanjaro, usharika wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na bendi ya tarumbeta ni kitu tulichokizoea, desturi iliyotoka kwa Walutheri wa Ujerumani. Utotoni nilidhani kazi yake ni makelele ya sikukuu. Desemba iliyopita tulipokwenda nyumbani nilisimama karibu nao wakipiga "Usiku Mtakatifu", nikawa namtazama kijana wa sauti ya pili. Mashavu yamejaa, jicho halitoki kwenye noti, na anachopiga ndicho ninachoimba mimi kila mwaka. Kumbe kinapendeza! Sauti yangu inaambatana na ya kwanza karibu njia nzima, wala haijifichi. Na wimbo wenyewe ulianza kwa uchache: Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, padri Joseph Mohr na gitaa lake, pembeni yake mwalimu Franz Xaver Gruber akiimba besi.

Mume wangu haafiki. Kwake yeye, wimbo usiotaja Bethlehemu si wa Krismasi. Namjibu kwamba maneno yale tunayo tangu shule ya Jumapili, hata yasipoimbwa yanapita yenyewe kichwani. Anasema basi kuna hasara gani yakiimbwa.

Mwaka huu nimemwomba mwalimu wa kwaya ubeti mmoja tu: sisi tunyamaze, tarumbeta zipige peke yake. Ameuliza waumini watakuwa wanafanya nini muda huo. Nimemwambia watasikiliza. Sauti ya kwanza wamekuja juu, na bado tunavutana.