Kumbukumbu ya riwaya yangu: doa la buluu limekubali

Sura ya 7 imekubali! Wiki tano nimekwama pale pale, na jana usiku imefunguka kwa doa moja tu la kitambaa.

Mnakumbuka hadithi ilipo: Southwark, London, vuli ya 1859, dobi mjane anatafuta nani kamuua mteja wake. Muuaji namjua tangu mwanzo. Kilichonitesa ni dobi atajuaje kwamba ile ni sumu. Polisi wa London hawakuwa na ofisa mwanamke. Kitengo chao cha makachero kilianza 1842 na wanaume wanane. Kipimo cha Marsh cha 1836, cha kugundua sumu ya aseniki, kinataka zinki, asidi, mrija wa kioo na mkono uliozoea. Kila nilipomwingiza daktari wa kumsaidia, kesi ilimtoka dobi mikononi, akabaki kushika taa. Mara tatu nimeandika hivyo, mara tatu nimefuta. Naudhika sana mwanamke anapofumbua macho ya watu, halafu sifa zinaenda kwa mwenye shahada.

Tena mwaka huo wenye shahada walikuwa wameyumba. Katika kesi ya Dkt. Smethurst, aliyeshtakiwa kuua kwa sumu, mtaalamu Alfred Swaine Taylor alikiri kwamba aseniki aliyoiona ilitoka kwenye shaba ya kipimo chake mwenyewe. Smethurst alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa.

Mlango ulikuwa Sheria ya Aseniki ya 1851. Aseniki ni nyeupe, ukiiweka kando ya sukari huitofautishi. Kwa hiyo sheria ililazimisha ile ya rejareja ichanganywe na masizi au nili, rangi ya buluu ya mmea. Nili! Basi leso ya mezani ya marehemu ikabaki na duara la buluu. Lakini dobi naye hutia buluu nguo nyeupe. Yeyote angemwambia, "Mama, hiyo ni buluu yako mwenyewe." Hapo ndipo wiki tano zilipoishia.

Nilichokosa ni hiki: wakati ule ultramarini, rangi nyingine ya buluu, ya kiwandani, ilikwisha kuenea kwenye ufuaji, na ultramarini haivumilii asidi. Sikutaka kuliandika bila kuliona. Nikachukua buluu ya kufulia, na nili niliyopewa na fundi wa batiki, nikapaka vipande viwili vya kitambaa cheupe. Limau, nikangoja, hakuna cha maana. Siki, vilevile. Nikaenda uani na asidi ya betri iliyozimuliwa (vaeni glavu na miwani, msifanyie ndani): buluu ya kufulia ikafifia mbele ya macho yangu, na harufu ya yai viza ikapanda. Nili ikabaki vile vile. Yaani doa lisilofifia si la buluu ya dobi, ni la nili ya aseniki. Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Na dobi wangu asidi anayo, ile ya kutolea kutu kwenye kitani. Hahitaji daktari.

Kuhusu zana: ile programu ya kupanga sura kwa vikadi nimeiacha. Inapendeza, ila nilikuwa napanga vikadi badala ya kuandika. Daftari la mistari na kalamu ya wino vimenirudisha kazini. Kumbukumbu za kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, zilizo bure mtandaoni, ndizo siachi. Humo ndimo nasikia wafanyakazi wa ndani na wauza maduka wakiulizwa na kujibu.

Wiki hii nilipanga kurekebisha sura ya 4, uchunguzi wa kifo ndani ya baa. Haitawezekana. Nikiwa naisoma tena Sheria ya Aseniki nimekuta kwamba muuzaji hakuruhusiwa kumuuzia asiyemjua, isipokuwa mbele ya shahidi anayefahamiana na wote wawili, naye shahidi huyo alitia sahihi kwenye kitabu cha sumu cha duka pamoja na anwani yake. Dobi anajulikana mtaa mzima. Vipi kama aliombwa tu, asubuhi moja, "panya wametuzidi, nisindikize dukani"? Akifungua kitabu cha sumu kutafuta jina la muuaji, atakuta na lake.

Nimeshaandika kurasa sita.