Mwaka Wangu wa Kwanza wa Kuongoza Tamthilia

Nilikabidhiwa kazi ya kuongoza tamthilia kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kikundi chetu cha Morogoro kiliamini kwamba anayesahihisha insha anaweza kusahihisha na waigizaji. Tulikuwa watu wenye shughuli zetu, yaani fundi cherehani, muuguzi, madereva wawili wa bodaboda, mama muuza samaki na wanafunzi kadhaa, tuliokutana jioni mara tatu kwa wiki katika ukumbi wa kuazima, bila posho na bila hata mmoja wetu aliyepitia chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Tulichagua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inayomhusu mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, kwa kuwa wengi wetu tuliisoma shuleni. Kuisoma shuleni kulitugharimu, kama nitakavyoeleza.

Kwa wiki tatu za kwanza niliongoza kama ninavyofundisha. Mwigizaji akisema maneno yake kwa ubaridi, nilipanda jukwaani, nikayasema mimi kwa namna niliyoipenda, kisha nikamtaka ayarudie. Walijitahidi kunifuatisha. Kijana aliyeigiza Kitunda alifikia hata kuinua kidole kama ninavyokiinua darasani, mpaka siku moja muuguzi, ambaye ndiye aliyekuwa Bi Kinjeketile, akafunga kitabu chake na kusema, "Samahani, Mwalimu, lakini jukwaa zima umejaa wewe." Nilikasirika, nikafunga mazoezi mapema. Njiani kurudi nyumbani nilikiri moyoni kwamba alikuwa amesema kweli.

Tangu siku hiyo nilijiwekea mwiko wa kutotamka maneno ya mwigizaji yeyote. Nilichoruhusiwa ni kuuliza: unasema na nani, unataka akufanyie nini, na akikataa utafanyaje? Majibu ya mwanzo yalikuwa ya mtihani. Kinjeketile ni ishara ya umoja, waliniambia, na Bi Kinjeketile anawakilisha mwanamke wa jamii ya wakati ule. Maneno hayo niliyafundisha mwenyewe kwa miaka mingi, na sasa niliona jinsi yalivyomwacha mwigizaji amesimama wima kama mlingoti, kwa sababu hakuna mtu awezaye kuigiza dhamira. Ilibidi nimwulize muuguzi swali dogo zaidi, kwamba mama huyu anaogopa nini asubuhi anapoamka. Akafikiri, akajibu kwamba anaogopa njaa kabla ya kumwogopa Mjerumani. Mara sauti yake ikashuka na mikono ikaanza kutafuta kazi, tukampa ungo.

Kuwapanga watu jukwaani nilijifunza kwa vizibo vya soda. Nilichora ukumbi kwenye karatasi ya manila, nikaandika jina la mhusika kwenye kila kizibo, na nyumbani usiku nilivisogeza mpaka nikajua nani anamziba nani. Njia hiyo iliniokolea saa nyingi za mazoezi, ila haikunisaidia kwa umati. Watu kumi na wanne waliopaswa kuwa wanakijiji waliojaa hofu na matumaini walijipanga kama gwaride la shuleni, na kila nilipowaambia wachangamke walipunga mikono.

Ufumbuzi niliupata stendi ya Msamvu, nikisubiri basi, nilipomwona mtu akiuza dawa ya mizizi inayotibu kila kitu. Waliomzunguka hawakuwa umati mmoja hata kidogo: mzee mmoja alikuwa amekwisha toa pesa, mama alisikiliza huku ameupa mgongo mduara ili asionekane anasikiliza, na kijana mmoja alicheka lakini hakuondoka. Basi langu liliondoka nikiwa bado natazama. Jioni ile nilimpa kila mwanakijiji sababu yake mwenyewe ya kuyataka au kuyashuku maji ya Kinjeketile. Mmoja amechoshwa na shamba la pamba la kulazimishwa, mwingine ana mwana anayeitwa vitani, mwingine amekwisha danganywa na mganga. Sikumwelekeza yeyote asimame wapi. Walijisimamia.

Mto Rufiji ulitutesa zaidi. Kinjeketile anavutwa majini na pepo Hongo, na masimulizi ya wazee wa Vita vya Maji Maji yanaeleza kwamba alitoka kesho yake akiwa mkavu. Kwanza tulitumia kitambaa cha bluu kilichotikiswa na watu wawili, na watoto waliokuwa wakichungulia madirishani wakaangua kicheko. Taa za ukumbi, ambazo ni za mirija, haziwezi kufifishwa, kwa hiyo sikuwa na giza la kunisitiri. Mwishowe tuliuondoa mto kabisa. Mwigizaji alishuka jukwaani, akapita katikati ya watazamaji na kutokea mlango wa nyuma, huku wanakijiji wakimfuata kwa macho na kurudi nyuma kidogo kidogo, kama watu ambao maji yanawafikia miguuni. Siku ya onyesho watazamaji waliokaa kando ya njia walivuta miguu yao.

Swali gumu kuliko yote liliulizwa na fundi cherehani, aliyekuwa Kinjeketile, juma la mwisho. Katika tukio la gerezani Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, naye alitaka kujua kama mhusika wake bado anayaamini. Alikuwa ameleta kitabu cha historia. Nilimkumbusha kwamba mwandishi mwenyewe ameonya katika utangulizi kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni, tofauti na yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, kwa hiyo kitabu kile hakingemjibu. Nilikuwa na jibu langu. Nililizuia, na nakiri kwamba ulimi ulinikereketa.

Tulionyesha mara mbili. Usiku wa kwanza alikataa huku akimkazia macho Kitunda, kama mtu anayeamini. Usiku wa pili aliinamia mikono yake iliyofungwa, akakawia mno, na maneno yaleyale yakatoka kama ya mtu aliyekwisha kata tamaa na maji lakini si na watu. Sikumwuliza ni lipi alilokusudia. Katika daftari langu, kwa tukio hilo, niliandika tu kwamba kamba ilegezwe, maana ilimchubua vifundo vya mikono.