Batiki na watoto: kostiki kaa nayo mbali, chukua binzari

Wamama wenzangu hapa Mtwara wananiulizaga sana, eti batiki ya kufunga na kuchovya unaifanyaje na watoto wadogo hivo bila roho kukudunda. Jibu langu ni kwamba rangi ya dukani sigusi kabisa nikiwa na watoto. Ile batiki tunayofundishwa kwenye vikundi inatumia kostiki soda na haidro, kemikali za kusaidia rangi ishike, na kostiki inaunguza ngozi, ikirukia jichoni inaweza kupofua, na ukiimwaga kwenye maji yanapata moto yenyewe bila jiko. Hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu, tena nje penye hewa. Watoto tuwaachie vitu vya jikoni: binzari ya manjano, maganda ya vitunguu, na sie watu wa kusini tuna korosho.

Nguo lazima iwe pamba. Fulana za mtumba nyingi zimechanganywa na poliesta na hapo rangi haishiki vizuri, unaisuuza inabaki hafifu na mtoto analia, kwahiyo soma lebo kwanza. Kitambaa cha marekani, ile pamba ya kawaida isiyotiwa rangi, ni kizuri mno na bei yake sio kubwa, ila kifue na maji ya moto kwanza kile kiugumu cha dukani kitoke.

Kufunga waachie wenyewe jamani, msiwashike mikono! Wanatafuta kokoto, mbegu za ukwaju, punje za mahindi, wanaweka moja moja chini ya kitambaa na kuzungushia uzi, kila punje inaacha kiduara chake cheupe. Wangu wa chekechea vidole havina nguvu ya kukaza uzi so nampa ile mipira ya kufungia hela. Ikikazwa legelege rangi inaingia mpaka ndani na hakuna duara, hilo wanaligundua wenyewe na safari ijayo wanakaza mpaka wanatoa ulimi. Afu loanisha nguo kabla ya kuichovya, ikiwa kavu rangi inashika mabaka mabaka.

Sasa binzari ndo penyewe. Vijiko vitatu vikubwa kwenye lita mbili za maji kwa fulana ya mtoto, chemsha kama nusu saa, nguo ndani, moto mdogo, na jikoni nakaa mimi sio wao. Ikishapoa, kabla hata hamjafungua, koroga magadi kidogo kwenye kikombe cha maji, mpe mtoto kijiti chenye pamba achore juu ya ile njano. Panageuka nyekundu hapohapo, nyekundu kama matofali! Mkamulie ndimu juu yake, njano inarudi. Mkubwa wangu wa darasa la pili alikaa hapo na vipande vya ndimu mpaka vikaisha, anageuza na kurudisha, anageuza na kurudisha, "mama hii ni dawa gani?" Nikamwambia ni binzari ileile ya kwenye pilau, ikikutana na magadi inabadilika rangi, ikikutana na kitu kichachu inarudi kwao. Ndo maana hata ukiifua na sabuni ya mche inaweza kugeuka nyekundu, usishtuke, suuza na maji ya ndimu.

Maganda ya vitunguu waombe wauzaji sokoni, wengi wanayatupa tu. Jaza sufuria, chemsha, chuja, weka na kijiko cha shabu (alum) iliyosagwa ndo rangi ing'ang'anie, unapata dhahabu inayokaribia kahawia. Sufuria ya shabu isirudi kupikia.

Korosho tumia lile ganda jembamba la ndani, linalobaki watu wakishabangua na kukaanga. Ganda gumu la nje HAPANA, mafuta yake yanababua mikono, kila aliyewahi kubangua anajua. Lile jembamba ukilichemsha linatoa kahawia ya udongo, na ukitia maji yaliyolala na misumari yenye kutu inaenda kwenye kijivu kizito, kizuri sana kwa watoto wa kiume wanaokataa njano.

Fua nguo hizi peke yake na uanike kivulini, maana binzari na jua la huku haviivani kabisa, inafifia haraka. Ikififia mnafunga upya na kuchovya tena, na safari hii mtoto anachagua mwenyewe pa kuweka kokoto.