Jinsi Nilivyotibiwa Ukoma Mapema Huku Nikiendelea na Kazi

Baka lililotokea mkononi mwangu, karibu na kiwiko, lilikuwa na rangi hafifu kuliko ngozi yangu, halikuwasha wala kuuma, na dawa ya fangasi niliyouziwa haikulibadilisha hata kidogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Gikomba, na pasi ya moto iliponigusa papo hapo bila mimi kuhisi lolote, nilikwenda kliniki ya ngozi.

Daktari aliniambia nifumbe macho, akaligusa baka kwa ncha ya pamba, kisha ngozi iliyo kando yake, nami nikatakiwa kuonyesha kwa kidole kila nilipohisi mguso. Ndani ya baka sikuonyesha popote. Akapapasa pia neva iliyo nyuma ya kiwiko kuona kama imenenepa. Ulikuwa ukoma wa mabaka machache.

Nilipewa rifampisini, dapsoni na klofazimini bila malipo, kwa miezi 6. Wenye mabaka zaidi ya 5 hutumia miezi 12. Dozi ya kila mwezi niliimeza mbele ya muuguzi, nyingine nyumbani kila siku. Mkojo mwekundu na ngozi kukolea rangi hutokana na dawa, na namsihi yeyote asiache tiba kwa sababu hiyo. Niliruhusiwa kuendelea kunyonyesha na kushona, kwani mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena. Watoto walikaguliwa, wakakutwa salama. Vidole vyangu vina nguvu zote. Hisia katika baka hazijarudi kikamilifu, kwa hiyo hulikagua kila jioni baada ya kupiga pasi.