Kanzu ongeza, baibui punguza: nilivyoipata kamera yangu Mtwara

Nimeshauriwa kuhusu kamera na watu wengi, na karibu wote walianza na neno moja: megapikseli. Fundi simu pale sokoni, mjomba wangu wa Dar, kijana anayepiga video za harusi hapa mjini. "Dada, wewe angalia megapikseli, hayo mengine mbwembwe." Ushauri wa namna hiyo uliniharibia harusi ya watu, na mpaka leo nikiusikia damu inachemka.

Nina duka dogo la steshenari Chikongola. Natoa kopi, nachapa barua, napiga paspoti saizi mbele ya shuka la bluu. Za paspoti nilikuwa napiga kwa simu na hakuna aliyelalamika. Kisha wateja wakaanza kuniita kwenye shughuli zao: maulidi, harusi, siku ya wali kutoka unyagoni. Akina mama ndio walionitaka zaidi, maana kwenye shughuli ya wanawake mpiga picha mwanamume huishia barazani. Hapo simu ikanishinda. Chumba chenye taa moja, watu wanacheza, na mimi nimeshika simu inayotoa picha kama zimepigwa nyuma ya moshi.

Shemeji akaniazima Nikon D3100 yake, kamera ya mwaka 2010, pamoja na ile lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa nayo. Ni kamera nzuri ya kuanzia na nilijifunza mengi kwayo. Mchana ilikuwa safi. Usiku, shida ile ile. Kijana wa video akaniambia tatizo ni lenzi, na hapo alisema kweli: 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ndio mkubwa), wakati kuna lenzi ya milimita 50 inayofunguka f/1.8, ambayo inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya huo. Nikamuuliza ninunue ipi, maana nilisikia ziko aina mbalimbali. Akasema, "Yoyote ya Nikon, lenzi ni lenzi tu, zote zinaingia."

Kuingia iliingia. Nilinunua 50 f/1.8D, kuukuu, kutoka Kariakoo, laki mbili kasoro kidogo. Niliichagua kwa sababu ile nyingine, yenye herufi G mwishoni, ilikuwa na bei kubwa zaidi na mimi nikaona herufi tu. Ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea stendi Ijumaa usiku. Harusi ilikuwa Jumamosi, Mikindani.

Usiku ule sikulala. Nimefunga lenzi, nimewasha kamera, kioo kinawaka na kuzima kikiandika fEE. Nikadhani nimeuziwa kibovu. Nimetoa lenzi, nimeirudisha, nimetoa betri, nimefuta vile vidoti vya shaba kwa kona ya kanga. Ilikuwa saa saba usiku nilipogundua kwamba lenzi hiyo ina pete ya namba karibu na shingo yake, na pete hiyo lazima izungushwe hadi 22, namba iliyoandikwa kwa rangi ya chungwa, kisha kuna kitufe kidogo cha kuifungia hapo. Nikafunga, fEE ikaondoka. Nilifurahi kiasi kwamba sikujiuliza mbona nikibonyeza kitufe cha kupigia nusu sisikii ule mlio wa lenzi kujitafutia fokasi, yaani ukali wa picha. Nilibonyeza, kimya. Nikasema basi, nitazungusha kwa mkono, wazee walipiga picha hivyo miaka mingi.

Harusini nilizungusha kwa mkono kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Kwenye kioo cha nyuma kila picha ilionekana tamu. Nataka msomaji aelewe jambo hili, kwa sababu hakuna aliyeniambia: lenzi ya 50 ikifunguliwa f/1.8, na mtu yuko mita mbili mbele yako, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 11 hivi, upana wa kiganja. Bibi harusi akiinama kidogo tu, ametoka nje ya kiganja hicho. Na kile kitundu cha kuchungulia cha D3100 ni kidogo, jicho langu lilidhani limepatia.

Jumapili nikafungua picha kwenye kompyuta ya dukani. Zilikuwa mia nne na kitu. Zilizofaa hazikufika arobaini. Ile ya kupeana mkono, ambayo ndiyo picha ya siku nzima, niliitazama mpaka machozi yakanitoka: darizi ya kanzu ya bwana harusi kifuani unaweza kuhesabu uzi mmoja mmoja, na sura yake, kiganja kimoja tu nyuma ya hiyo darizi, ni ukungu. Bibi harusi naye ukungu. Mama yake alikuja dukani mwenyewe. Nilimrudishia nusu ya hela kabla hajaomba. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hata ile ya kupeana mkono?"

Baada ya hapo nikaacha kuuliza watu, nikaanza kusoma. Kumbe lenzi nyingi za Nikon za zamani, zenye D kama yangu, hazina mota ndani yake. Zinategemea mota iliyomo kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na bodi za kuanzia, yaani familia ya D3000 na D5000, hazina mota hiyo. Bodi za daraja la kati, familia ya D7000, zinayo. Unaweza hata kuiona kwa macho: toa lenzi, angalia ile pete ya chuma mdomoni mwa kamera, upande wa chini utakuta kichwa kidogo cha bisibisi kimechomoza. Hicho ndicho kinachozungusha lenzi. Kwenye D3100 ya shemeji mahali hapo palikuwa patupu. Lenzi nzima, harusi nzima, kwa sababu ya kichwa cha bisibisi kidogo kuliko punje ya mtama.

Hapo nikaamua: nanunua ya daraja la kati, D7100. Mjomba akapinga. Alinipigia simu kuniambia kwamba D5300 na D7100 zote ni za mwaka 2013, D5300 ina megapikseli 24.2 na D7100 ina 24.1, na D5300 ina waifai na kioo kinachokunjuka, tena ni rahisi. "Sasa mwanangu unalipia nini?" Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ni mjomba, ila nilijua ninacholipia. Mota ya lenzi niliyokwisha kuinunua. Nafasi mbili za kadi, ili kadi moja ikifa harusi isife. Magurudumu mawili, moja la kidole gumba na moja la kidole cha shahada, wakati D5300 ina moja. Kitundu cha kuchungulia kinachoonyesha fremu yote. Na betri ambayo kwa kipimo cha kiwandani inapiga picha 950, jambo kubwa kwetu ambako umeme unaweza kukatika kutwa. Tofauti ya megapikseli 0.1 hakuna jicho la binadamu litakaloiona.

Wapo watakaosema mbona si Canon. Canon 70D ni ya daraja hilo hilo na ningekuwa sina lenzi ningeitazama vizuri. Lakini bodi unabadilisha, lenzi unabaki nayo. Mimi tayari nilikuwa na lenzi ya Nikon, basi safari ikawa ya Nikon.

Hela ilitoka sehemu mbili: kikoba, na mikorosho ya mama kule Tandahimba. Mama alisubiri mnada, hela ikaingia, akatoa kwanza deni la salfa, kisha akanipa sehemu. Bodi peke yake, kuukuu, ilinila milioni moja ukiweka na nauli ya kwenda Dar na kurudi. Sikukubali kutumiwa kwa basi safari hii. Nilikwenda mwenyewe.

Kwa muuzaji nilikaa saa nzima na hakupenda. "Mama, hiyo kamera nzima, mbona unaikagua kama ng'ombe?" Nikamwambia nitaikagua. Nilikuwa na lenzi yangu na kadi mbili mkononi. Kwanza nikatazama kichwa cha bisibisi: kipo. Nikafunga lenzi, nikabonyeza nusu, na nikasikia ule mlio, grr fupi, lenzi ikajizungusha yenyewe. Nilitamani kumkumbatia yule muuzaji. Nikapiga mbingu kwa f/16, kwa sababu hapo vumbi la kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, huonekana kama madoa. Yalikuwa mawili, ya kupuliza tu. Nikapiga nikihifadhi kwenye kadi zote mbili. Picha ya mwisho nikaihamishia kwenye kompyuta kama ilivyotoka, bila kuipitisha kwenye programu nyingine, nikasoma idadi ya mara ambazo shata, lile pazia linalofunguka kwa kila picha, imepiga, maana Nikon huiandika ndani ya picha yenyewe: elfu 38 na kidogo. Shata ya D7100 imejaribiwa na watengenezaji mpaka mara 150,000, kwa hiyo niliona bado ni kijana. Alitaka kuniongezea na lenzi ya 18-105 kwa bei ya kutupa. Nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, ndani nikaona utando mweupe wenye mizizi kama ya buibui. Kuvu. Nikaiacha hapo hapo. Nilikuja kununua 18-55 safi baadaye, kwa sababu 50 kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo inabana kama 75 kwenye zile za sensa kubwa, na ndani ya vyumba vyetu huwezi kurudi nyuma ukapata watu wote bila kutoboa ukuta.

Kujifunza kuitumia sitasimulia yote. Vitufe utavizoea. Kilichonisumbua ni rangi za nguo zetu.

Maulidi ya kwanza nilipiga safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe, na nyuso zote zikatoka nyeusi tii, huku kanzu zikiwa za kijivu kama hazijafuliwa. Jioni nikapiga akina mama waliovaa baibui, nyuso zikapauka kama zimepakwa unga. Mwanga ule ule, mpigaji yule yule. Sababu ni kwamba kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kanzu wala baibui. Kinataka picha nzima iwe ya wastani. Kikiona weupe mwingi kinapunguza mwanga, kikiona weusi mwingi kinaongeza. Basi unafanya kinyume chake. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa karibu na kitufe cha kupigia: kishike, zungusha gurudumu la gumba. Watu wa kanzu, naongeza moja. Watu wa baibui, napunguza moja au theluthi mbili. Nimeliandika kwa kalamu kwenye mkanda wa kamera: KANZU ONGEZA, BAIBUI PUNGUZA. Bibi na bwana harusi wakisimama pamoja, yeye kanzu na mwenzake baibui, ninapima usoni tu kwa kile kipimo cha nukta moja, napunguza kidogo kwa sababu ngozi zetu ni za maji ya kunde na kuendelea, nafunga kipimo hapo. Nyuso zinatoka na rangi yake halisi, na weupe wa kanzu unabaki na mikunjo yake.

Na hewa yetu ya pwani. Fundi simu aliniambia niweke kamera kwenye mchele. Usiweke. Mchele una vumbi na unyevu hauuvuti kwa maana. Mimi nina ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na ndani yake zile chengachenga za kunyonya unyevu za kwenye maboksi ya viatu, ambazo nilizikusanya kwa wauza viatu bure, wanazitupa. Kila baada ya wiki tatu, na masika kila wiki, nazimimina kwenye kikaango kilichostaafu kupika, juu ya moto mdogo wa mkaa, nakoroga kama nakaanga korosho mpaka unyevu utoke. Zikipoa kabisa nazirudisha kwenye mifuko niliyoishona kwa vipande vya kitenge. Nimeweka na kipimo kidogo cha unyevu, nataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Nikivuka na kivuko kwenda Msangamkuu kamera inakaa ndani ya nailoni mpaka nikanyage mchanga, kwa sababu ya chumvi. Na kwenye ukumbi wenye kiyoyozi usiitoe nje ghafla, lenzi itatoa jasho; iache kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto.

Yule mama wa Mikindani alikuwa na binti wa pili. Aliolewa Juni. Nilikwenda mwenyewe kumwomba nipige bila malipo, akanitazama muda mrefu kabla ya kukubali. Nilipiga kwa kadi mbili, zote zikihifadhi picha ile ile, na wakati wa kupeana mkono niliweka nukta ya fokasi kwenye jicho la bwana harusi nikafunga lenzi kidogo hadi f/2.8 ili wote wawili wakae ndani. Jumatatu akaja dukani. Nikampa simu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka jicho likajaa kioo, akahesabu kope, akahamia kwa binti yake, akafanya vile vile. Kisha akaagiza A4 mbili, moja ya kwake na moja ya mkwe, na hizo akazilipia.