Mzee wa Kukodiwa: Kamera Mchana, Jukwaa Usiku

Saa 11 alfajiri. Kazi yangu ni kuigiza wazee, runingani mchana, jukwaani usiku. Wembe kwanza, hata kabla ya chai. Gundi ya ndevu bandia haishiki kwenye vishina, na ukinyolea kwenye kiti cha vipodozi, spiriti iliyomo kwenye gundi itakuwasha hadi machozi. Ngozi ipate saa mbili za kutulia. Napitia ratiba: leo tunaanza na onyesho la 42, kisha la 7, maana kamera haifuati mpangilio wa hadithi. Pembeni naandika kwa penseli natoka wapi, nimeshika nini, nimegombana na nani. Juu kabisa: GOTI LA KUSHOTO. Mzee haigizwi kwa kupinda mgongo. Chagua kiungo kimoja kinachouma, ukilinde. Tamthilia ya runinga ikipumzika miezi mitatu, utasahau ulichechemea mguu gani. Mtazamaji hasahau. Benson Wanjau, mchekeshaji wa runinga ya Kenya aliyefariki 2015, alikuwa Mzee Ojwang kwa miongo, na wengi walimjua kwa jina hilo tu.

Saa 1 asubuhi. Gundi hupakwa nyembamba, inagongwagongwa kwa kidole mpaka inate, ndipo ndevu zinabandikwa na kukandamizwa kwa kitambaa chenye unyevu. Pembe za mdomo hubanduka kwanza: ngozi hukunjika hapo, na chai hupita hapo. Mvi zipakwe kwa mswaki, rangi ya kijivu, kuanzia kwenye panja. Poda nyeupe tupu chini ya taa hugeuka majivu. (Wale wa unga wa ngano kwenye drama za shule mnajua jasho huufanya nini.)

Saa 3. Onyesho la chai. Picha ya mbali kwanza, kisha za karibu, maneno yale yale mara tisa, kumi. Kikombe nusu, chai vuguvugu. Nakiinua kwenye neno "mwanangu", nakitua baada ya "shamba", kila mara. Mkono ukiwa juu katika picha moja na chini katika nyingine, mhariri hawezi kuziunga, na picha itakayotupwa ni ya babu, si ya nyota. Kama ni ugali, donge liwe dogo kama kunde, tena utafune mwenzako akizungumza.

Alama ya utepe sakafuni, inayoonyesha pa kusimama, haitazamwi. Simama juu yake, rudi kinyumenyume hadi mlangoni ukihesabu: hatua tano. Kamera ikianza, hesabu tano. Fimbo nayo ivishwe mpira chini, la sivyo fundi wa sauti atasimamisha kazi kila ukiitua juu ya neno la mwenzako.

Saa 9 alasiri. Ndevu hazing'olewi kavu. Lowesha ukingo kwa kiyeyushio, subiri, zijiachie. Kisha matatu, na foleni.

Saa 12 jioni. Kenya National Theatre, ukumbi wa maigizo wa Nairobi uliofunguliwa 1952. Maji yasiyo baridi, midomo itetemeshwe kama farasi, miayo mitatu ya makusudi. Hapa hakuna maikrofoni kifuani, na Kiswahili kina mtego wake: mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pumzi ikipungua ya mwisho humezwa. "Amepiga" na "amepigwa" hutengwa na sauti moja tu. Ikipotea, safu ya nyuma inaondoka na mkosaji asiye sahihi.

Mzee wa jukwaani, kwa bahati mbaya, anaumwa goti la kulia.

Saa 4 usiku. Kola ina rangi ya uso. Sabuni ya mche, maji baridi, ianikwe usiku huu. Kesho ni onyesho la 8, kushoto.