Siku Moja Maishani Mwangu: Mhudumu wa Ofisi, Mtwara

Mimi ni mhudumu wa ofisi katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Mtwara. Ipi, tuiache, maana kazi bado naitaka. Wazee wanaokuja ofisini bado wanatuita matarishi. Vijana wanatuita dada wa chai. Shemeji yangu, tukikutana kwenye shughuli yoyote ya ukoo, lazima awaambie watu kwamba mimi nalipwa kwa kuzunguka na makaratasi na kunywa chai ya serikali. Basi shemeji, hii ni Jumatano ya wiki ya bajeti. Soma mpaka mwisho ndipo unitanie.

Saa 10:45 alfajiri naamka. Nachemsha uji, naamsha watoto, napiga pasi sare zao, nachota maji. Hayo kila mama anayajua, sina haja ya kuyaeleza.

Saa 12:10 niko barabarani Magomeni, hii ya hapa Mtwara, nasubiri bajaji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana na mtaa wetu ulijaa madimbwi, kwa hiyo viatu vya kazini nimevitia kwenye mfuko na miguuni nina kandambili. Hivi ndivyo tunavyokwenda kazini huku kuanzia Desemba mpaka masika yaishe.

Saa 12:40 nafungua ofisi. Muda wa kazi serikalini unaanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri, lakini kwa mhudumu saa 1:30 ni saa ya kuwa umeshamaliza. Nafagia, napiga deki, nafuta meza, namwaga taka. Sasa hapa kwenye meza pana elimu yake. Karatasi ya mtu huigusi ovyo. Unainua, unafuta chini yake, unairudisha vilevile ilivyokuwa, hata kama imekaa hovyohovyo, hata kama pana kikombe cha juzi juu yake. Kikombe unatoa, karatasi unaiacha. Mimi nikimaliza kufuta vyumba vyote najua kila jalada limelala wapi, la nani limehama na la nani lina wiki nzima halijafunguliwa. Hakuna aliyenituma nijue. Macho yanaona tu.

Saa 1:30 watumishi wanasaini rejista ya mahudhurio. Wengine wanasaini wakihema.

Kuanzia saa 2:00 ni majalada. Kwa asiyejua mambo yanavyokwenda: barua ikiingia, mama wa masjala, chumba cha kutunzia majalada, anaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, anaiingiza kwenye rejista, anaitafutia jalada lake, anaipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kisha anaandika jalada linakwenda kwa nani. Mkuu wa idara akilipata anaandika dokezo: fulani ashughulikie, au fulani ashauri. Linatoka kwake linakwenda kwa huyo fulani, naye anaandika lake, linarudi. Siku hizi upo mfumo wa kompyuta wa e-Ofisi na barua nyingi za serikali kwa serikali zinapita humo. Lakini mwananchi wa kijijini anakuja na karatasi yake mkononi, na karatasi hiyo inaingia kwenye jalada la karatasi. Jalada la karatasi halitembei lenyewe. Linatembezwa na mimi, juu na chini, na jengo letu ngazi linazo.

Saa 4:00 chai. Shemeji, sikiliza vizuri: chai ya serikali ipo siku za vikao tu. Siku nyingine tunachanga wenyewe mwisho wa mwezi, sukari, majani na gesi ya kupikia, na asiyechanga kikombe chake nakijua.

Sijamaliza hata kuosha vikombe, akaingia yule baba.

Shati limenyooshwa, bahasha ya kaki kwapani, simu mbili mkononi. Nikamwamkia, shikamoo baba. Akaitikia, "Marahaba, lakini shikamoo yako haitanirudishia kiwanja changu." Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Nikamkaribisha akae, akakataa kukaa. Akasema aliandika barua tangu Novemba, jirani yake amejenga ukuta ukaingia kwake hatua tatu, na kila akija anaambiwa jalada liko kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara naye anamwambia jalada halijamfikia.

"Sasa nikuulize, dada. Kati ya masjala na bosi kuna nani hapo katikati?"

Nikanyamaza.

"Kuna wewe."

Jamani, kuna maneno yanaingia mwilini. Ningeweza kumwambia akamwone afisa malalamiko, chumba kipo na kibao kimeandikwa. Lakini maneno alikuwa ameyatoa mbele ya watu, na mimi majalada yangu nayafahamu. Nikamwomba anisubiri.

Masjala, rejista inaonyesha jalada lilikwenda idara ya ardhi. Ardhi, daftari lao linaonyesha limepokelewa, limeandikiwa dokezo, limekwenda kwa mwanasheria apate kushauri. Nikapanda kwa mwanasheria. Mwanasheria yuko safarini Dodoma. Katibu muhtasi wake akafungua daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari: liliingia, likatoka wiki mbili zilizopita kurudi ardhi. Nikashuka tena ardhi. Wao wanasema halikurudi. Yaani kila ofisi ina karatasi inayoonyesha kwamba yenyewe ni safi. Na jalada halipo.

Watu wakisikia jalada limepotea wanadhani mtu kalificha apewe kitu kidogo. Sisemi hayo hayapo duniani. Ila mara nyingi ninayoyaona mimi ni mambo ya kijinga kuliko hayo: ofisa anapita kwa mwenzake, anaona jalada analolihitaji kwa jambo jingine, analichukua. Haandiki popote. Anasema nalirudisha sasa hivi. Kisha simu inaita, gari linamsubiri, anakwenda saiti, na "sasa hivi" inageuka kuwa mwezi.

Nikasimama kwenye korido nikavuta picha za asubuhi. Jalada la viwanja, lile lenye mgongo uliochanika ukaungwa kwa selotepu. Nililiona. Siyo kwa mwanasheria. Siyo ardhi. Nililiinua juzi na jana nikifuta kingo ya dirisha, chini ya boksi la feni, kwenye chumba cha maofisa wa idara nyingine kabisa ambayo siitaji. Nikabisha hodi. Kijana aliyekuwepo akashangaa: "Hili? Mimi nilidhani ni lenu." Halikuwa letu wala lao, lilikuwa la yule baba. Nikalitoa, nikalipeleka masjala kwanza liandikwe limeonekana wapi na limetoka kwa nani, maana nikilibeba moja kwa moja kwa bosi kesho litapotea tena kwa njia ileile.

Baba wa kiwanja akaniona nalo. Akalitambua kwa jina lake juu. Akanifuata mpaka mlango wa masjala.

"Fungua uniambie wameandika nini."

"Baba, siruhusiwi. Ndani ni madokezo ya ofisi. Majibu yako utapewa na mkuu wa idara."

"Nisomee mstari mmoja tu. Au kusoma hujui?"

"Najua, baba. Ndiyo maana sikusomei."

Benchi likacheka. Yeye hakucheka. Akaniita pembeni, sauti ikawa ya upole, dada yangu, mwanangu, na noti ya 5,000 imekunjwa ndogo ndani ya kiganja, akitaka tupeane mikono. Nikaiweka mikono yangu nyuma. Akarudi kwenye benchi akawaambia wenzake kwa sauti kwamba nimekataa kwa sababu niliiona ndogo. Na mimi nikabeba jalada nikampelekea mkuu wa idara, nikamweleza kwa kifupi kwamba mwenye nalo yuko nje na kwamba lilikuwa limekwama, bila kusema lilikwama kwa nani. Hilo wataulizana wenyewe, daftari la masjala linasema.

Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mkuu wa idara alikuwa na wageni, halafu simu ya mkoani, halafu ndipo akamwita. Alipotoka alikuwa amepangiwa siku mpima ataenda kuhakiki mipaka, na jirani ataitwa awepo. Akapita mbele yangu na simu sikioni, anamwambia mtu, "Nimewabana mpaka wametoa wenyewe."

Haya. Amewabana.

Saa 7 na kitu nilikula wali maharage kwa mama lishe nikiwa nimesimama, kwa sababu Afisa Utumishi alikuwa ameshapiga simu: makabrasha lazima yatoke leo.

Kabrasha ni kitabu cha kikao. Kila diwani anatakiwa apate lake mapema alisome kabla ya Baraza la Madiwani, na hili ni la bajeti, kwa hiyo ni nene kuliko yote ya mwaka. Kuna halmashauri zimeshahamia kwenye vishikwambi. Kwetu bado karatasi. Mashine ya fotokopi ikaanza vizuri, ikatoa kurasa kama robo hivi, umeme ukakatika. Gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay, hapo Msimbati, na tangu 2015 inasafiri kwenye bomba mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Sisi tuliobaki nayo jirani tukaanza kuulizana nani ana ufunguo wa chumba cha jenereta. Aliyekuwa nao alikuwa amekwenda msibani. Tulimpata. Mafuta yalikuwa machache. Dereva akaenda kutafuta mafuta. Nikakaa juu ya ndoo nikavua viatu.

Umeme uliporudi sikuangalia tena saa. Najua tu kwamba wenye muda wao wa 9:30 walikuwa wameshapita getini, wakitupungia.

Upangaji unafanyika ukumbini. Unaziweka rundo za kurasa kuizunguka meza ndefu, ukurasa wa kwanza pale, wa pili unaofuata, mpaka meza inajaa na nyingine zinapanda kwenye viti. Halafu mnazunguka kwa mstari, kila mtu anachukua moja moja, akimaliza mzunguko ana kitabu, anakigonga mezani kilingane, anampa wa stepla. Tulikuwa mimi, mhudumu mwenzangu, kijana mmoja wa kujitolea na dereva. Na feni lazima zizimwe. Ukiwasha feni tu, bajeti nzima inaruka. Mtwara ya Januari, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo, feni zimezimwa, mnazunguka meza. Jasho linadondoka puani, unarudisha kichwa nyuma lisiangukie makadirio ya mapato.

Ukizunguka meza hiyo kiasi cha kutosha unajikuta umeisoma bajeti bila kutaka. Naujua ukurasa wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa sababu ulikuwa umetoka na mstari mweusi na tulilazimika kuurudia. Naujua ukurasa wenye fungu la vifaa vya usafi. Mafagio yangu yamo, sabuni yangu imo, mopu za deki zimo, na pesa yake imepungua kuliko ya mwaka huu. Nikauchukua, nikauweka mahali pake, nikazunguka tena. Watajadili waheshimiwa.

Kijana wa kujitolea aliniuliza kama masaa hayo ya ziada tunalipwa. Nikamjibu dokezo la kuomba posho ya kipindi kilichopita limeshaandikwa, na kwamba nililipeleka idara ya fedha mimi mwenyewe. Najua liko trei gani. Najua na kilicho juu yake. Akacheka mpaka akachanganya kurasa zake, ikabidi aanze upya. Mshahara wenyewe si siri: kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na tuliokuwa huku chini tulikiona kweli. Halafu PSSSF, mfuko wa pensheni, wanachukua chao, bima ya afya chao, chama cha wafanyakazi chao, benki yenye mkopo wangu wa mabati chao, na kinachofika nyumbani nakijua mimi na mwenye duka.

Tulimaliza kiza kimeshaingia. Makabrasha yamepangwa kwa kata, kila moja lina jina la diwani juu, na siwafichi, nilisimama nikayaangalia. Makali yamelingana, stepla zimekaa mstari mmoja. Wengi wa madiwani wetu ni wapya, hilo ndilo kabrasha lao la kwanza la bajeti, na watalifungua wakidhani vitabu hivi vinatoka kiwandani.

Dereva alinishusha Magomeni. Dagaa na ugali wa muhogo, binti yangu mkubwa ndiye aliyepika, Mungu ambariki. Nikiwa nanawa mikono simu ikalia. Afisa Utumishi, kwenye kundi la ofisi: "Habari za jioni. Mweka Hazina amerekebisha majedwali ya mapato, kurasa saba zinabadilika kwenye makabrasha yote. Wahudumu naomba mfike mapema kesho, saa 12 kamili." Mhudumu mwenzangu akajibu kwa kikaragosi kinacholia. Mimi nikaandika sawa mkuu, nikamuuliza kama kuna mtu ana kitoa pini cha kuazima, kwa sababu cha ofisini kilivunjika tangu kikao kilichopita na ombi la kipya liko kwenye jalada.